Kilo Mia Tatu na Ishirini

Kila lifti ninayotengeneza hapa Łódź
ina kibao cha bati: watu wanne, kilo mia tatu na ishirini.
Wakizidi, mlango haufungi, kengele inalia.
Sijawahi kumsikia mtu akiiambia lifti
ijikaze, mbona ya jirani inapanda.

Jagna ana miaka kumi na miwili.
Shuleni wanasema ni mtoto mtulivu.
Mtulivu!
Katika daftari la Bi Halszka neno hilo lipo mara tatu,
kwa wino wa kijani,
nami nalisoma nikiwa nimeketi sakafuni,
mgongo wangu kwenye mlango wa bafu,
na upande wa pili mwanangu anagonga kisogo ukutani:
tatu, kimya, tatu, kimya,
kwa sababu leo darasa lilibadilishiwa viti.

Mama mkwe ananiambia mchelea mwana kulia hulia yeye.
Kweli, nimelia.
Nimelia ndani ya shimo la lifti, chini ya ghorofa sita,
tochi mdomoni,
lakini si kwa kumchelea.

Baba yangu alikuwa na mkanda na imani.
Alivitumia vyote viwili.
Nina miaka arobaini na minne, na mpaka leo
nakata lebo za mashati yangu kwa wembe
kabla sijayavaa, na sijamweleza mtu kwa nini.

Usiku mmoja wa Januari, karatasi ikapita chini ya mlango:
*Baba, taa za darasani zinaongea.
Sweta ya Kinga inanukia sabuni mpaka sisikii hesabu.
Wakicheka, nacheka. Nahesabu sekunde ngapi.
Nikifika nyumbani sina tena mikono ya kushika chochote.*

Niliisoma nikiwa na soksi moja mguuni.
Soksi yake ilikuwa mkononi mwangu, nimeigeuza nje ndani,
mshono usimguse kidole.
Hilo nililijua. Mengine yote sikuyajua.

Kwenye kikao nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makubwa,
maneno ya daktari, yenye mihuri.
Bi Halszka akasema: tukimpa yeye, wote watataka.
Maneno yakanikauka.
Nikachukua kalamu yake ya kijani
nikachora lifti, vibaya, kwa haraka,
nikawapanga ndani yake: taa, kengele, sabuni, kiti kipya,
kicheko cha kuhesabiwa.
Nikamwonyesha mlango usiofungika.

Alikaa kimya muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.
Kisha akafungua droo, akavuruga chaki na kadi za maktaba,
akatoa ufunguo.
"Ngazi ya nyuma," akasema. "Atoke dakika tano kabla ya kengele.
Mdogo wangu wa kiume," akaanza,
hakumaliza.

Sasa safu moja ya taa, ile ya dirishani, huzimwa.
Mtihani huandikiwa kwenye chumba cha ramani.
Msinipongeze. Mwezi Machi walifanya zoezi la moto
bila kumwambia mtu,
tukarudi bafuni wiki mbili.
Na wapo wanaomwita Binti Mfalme wa Ngazi,
na yeye husikia, anasikia kila kitu,
hiyo ndiyo shida yenyewe.

Nimeacha kuuliza habari za shule.
Namwekea bakuli la nafaka, mchuzi kando, visigusane,
blanketi zito kitini,
nami nakaa upande wangu wa meza
nikichambua skrubu za kazini.
Siku nyingine hupita moja kwa moja chumbani.
Siku nyingine hukaa, akazipanga kwa urefu, bora kuliko mimi.

Jana alipanga hadi giza likaingia.
Sikuwasha taa.
Bila kuinua macho akasema:
"Leo wamepanda wawili tu."

Nikamsogezea kopo la nati.